Blanketi la Bomba la Moshi

Ninyi mnaoingia kwenye mitambo sasa mnapewa barakoa, miwani na glovu kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo. Sisi tulionyeshwa choo. Mengine tulijifunza kwa kuungua, na kwa kukohoa.

Nasikia baadhi yenu mnapelekwa kwenye mitambo ya makaa ya mawe, na wachache mnasomea nyuklia. Huko mimi sijafika. Kazi yangu yote niliifanya kwenye injini za dizeli, na miaka ninayotaka kuwasimulia niliifanya Kigoma, kwenye kituo kidogo cha kufua umeme upande wa Bangwe. Kilikuwa cha kampuni ya mkataba ambayo haipo tena; majenereta yake yalikatwakatwa yakauzwa kama chuma chakavu. Tulilisha pampu ya maji na kiwanda cha barafu cha wavuvi, basi. Lakini mtambo wowote unaochoma kitu ili upate umeme, uwe mdogo kama wetu au mkubwa kama huo mtakaoukuta ninyi, una kazi mbili. Ya kwanza ni kutoa umeme. Ya pili ni kuhakikisha kwamba vitu vingine vyote vinavyotokana na kazi hiyo haviendi kwa watu. Ya kwanza ikikwama, kila mtu anajua papo hapo, maana giza limeingia. Ya pili ikikwama, hakuna taa inayozimika.

Aliyenifundisha hiyo kazi ya pili ni Mzee Ambindwile. Alikuwa Mnyakyusa mrefu, mwembamba, mwenye kifua kilichopiga mluzi akipanda ngazi. Ujana wake aliutumia kwenye boila za makaa ya mawe ng'ambo ya mpaka wa kusini, na alikuja Kigoma uzeeni kwa sababu hakuna kijana aliyekubali kupangiwa huko. Mimi mwenyewe nilitoka Singida nikiwa na sanduku moja na cheti cha ufundi, mwanamke pekee kwenye zamu. Siku ya kwanza nilimkuta amesimama nje ya jengo, kikombe cha chai mkononi, anatazama juu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unaona nini?"

"Moshi."

"Wa rangi gani?"

Nikasema ni moshi tu. Akanywa chai yake mpaka ikaisha, ndipo akaanza kunifundisha. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi na hewa ni haba. Nenda kwenye filta ya hewa, kisha kwenye nozeli. Wa bluu, injini inakunywa oili yake yenyewe, ringi zimechoka. Mweupe ambao hauishi hata injini ikishapata moto, kuna maji yanaingia yasipotakiwa, zima kabla hujajuta. Ninyi mna vioo vya kompyuta vinavyowaambia yote hayo. Hata hivyo tokeni nje mara mojamoja mtazame juu.

Kwenye njia ya moshi, kabla haujafika angani, kulikuwa na sailensa, na chini yake sanduku la chuma la kukamatia masizi. Lilitakiwa kusafishwa mara kwa mara. Likisahauliwa, masizi huweza kushika moto humohumo ndani, au hutoka juu na kushuka kama mvua nyeusi. Lilisahauliwa mara moja. Kesho yake mama mmoja wa Bangwe aliingia getini kwa hatua za haraka, mkononi ana shuka jeupe lenye madoadoa, akapita mlinzi kama hamwoni, mpaka ofisini.

"Meneja, hili nimelifua jana. Jumapili livae wewe uende nalo kanisani."

Meneja akanunua sabuni, na sisi tukasafisha sanduku siku hiyohiyo. Mzee Ambindwile hakuturuhusu kukwangua masizi yakiwa makavu. "Loweka kwanza," alisema. "Chochote chenye vumbi kiloweke kwanza, ndipo ukiguse." Alikuwa akilisema hilo kila siku hata tukamwita Mzee Loweka, kwa mbali.

Aliyembatiza jina hilo ni Kassimu, fundi wetu wa kuchomelea, mzaliwa wa Ujiji, mtu ambaye hakuweza kufunga mdomo hata akiwa amevaa kofia ya kuchomelea. Kassimu alikuwa na mkono mzuri sana, na mkono mzuri ndio uliotuponza.

Kati ya injini na bomba la moshi huwa kuna kipande kilichokunjwakunjwa kama kodiani. Bomba likipata moto hurefuka, likipoa hufupika, na kipande hicho ndicho kinachomeza huko kurefuka na kufupika. Chetu kilikuwa cha bati jembamba la chuma kisichoshika kutu. Kikapata ufa. Kipya kiliagizwa kije kwa treni, na treni ikaja bila hicho kipande. Basi Kassimu akauziba ufa kwa fimbo za kawaida za kuchomelea, zile za mageti na madirisha, kwa sababu ndizo zilizokuwepo.

"Ona mshono huo, Mzee. Hata fundi cherehani wa Ujiji hatoi mshono kama huo."

Mzee aliutazama kwa heshima zote. "Mzuri. Utapasuka pembeni yake."

Ukapasuka pembeni yake. Wekeni hilo akilini, kwa sababu kwenye mitambo mikubwa hamtakuwa na moshi tu, mtakuwa na mvuke wenye nguvu ya kukata mtu: chuma kisichoshika kutu kinataka fimbo ya ukoo wake. Ukikiunganisha na fimbo ya chuma cha kawaida, pale panapokutana panakuwa pagumu na pakavu kama biskuti, na joto likianza kuvuta na kuachia, panakatika. Safari hii ulikuwa ufa wa kuingiza vidole. Moshi ukajaa ndani ya jengo. Tulikuwa tunaingia, tunafanya kazi kidogo, tunatoka nje kutapika, tunarudi. Kuzima hatukuweza, na sababu ilikuwa upande wa pili wa uzio.

Ilikuwa ile miaka ya tisini ambayo watu wa Kigoma wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Watu walikuwa wanakimbia vita Burundi. Walishuka Kagunga kwa miguu na kwa mitumbwi, wakaletwa mjini kwa boti, kisha wakasubiri malori ya kuwapeleka kwenye kambi za bara. Mahali pamoja pa kusubiria palikuwa uwanja uliopakana na uzio wetu wa nyuma. Maturubai hayakutosha. Mvua ilikuwa inanyesha siku nyingi kuliko ilivyoacha. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia, na maji ya bombani, yaliyosukumwa na umeme wetu, ndiyo yaliyowazuia wale watu wasichote ziwani palepale walipokuwa wanajisaidia.

Kipande kipya kilipofika hatimaye, tulizima kwa saa chache tu, na ilibidi bomba lote livuliwe nguo ndipo lifunguliwe. Nasema nguo kwa sababu bomba la moshi huvishwa. Likiwa kazini, ukilitemea mate yanaruka kabla hayajaligusa. Likiachwa uchi linaunguza watu na kuoka jengo zima. Siku hizi mnalivisha pamba ya miamba na kulifunika kwa bati. Letu lilikuwa limevishwa asbesto, mablanketi mazito ya kijivu yaliyofumwa na kufungwa kwa waya. Haiungui, haiozi, maji hayaisumbui. Na kwa macho ni blanketi kabisa. Ungeweza kulikunja ukaliweka kabatini kwa mama yako asishtuke.

Mzee alituloweshea kila kipande kabla hatujakivua. Tulifunga vitambaa puani, tukayarundika yote nyuma ya stoo, karibu na uzio, yasubiri shimo. Aliomba turubai la kufunika rundo. Maturubai yote ya kituo yalikuwa yamekwenda uwanjani kwa wakimbizi, na hilo hakuna aliyeweza kulibishia. Mvua ikachelewesha uchimbaji. Shimo lilipokuwa tayari, rundo lilikuwa limepungua nusu, na kwenye waya za uzio kulikuwa na pengo la kupita mtu.

Tukafukia tuliyobaki nayo. Kisha Kassimu akachungulia penye pengo. Akaniita kwa mkono.

Yalikuwa kila mahali. Mengine yametandikwa chini ya wazee, mengine yametupwa juu ya vijiti yakawa mapaa. Mama mmoja alikuwa amekata kipande akakizungushia jiko la mkaa ili upepo usimsumbue. Alikuwa na akili sana huyo mama. Ndiyo kazi ambayo kitu kile kiliundiwa.

Mzee Ambindwile aliketi juu ya pipa la oili. "Kule kwenye boila," alisema, "tulikuwa tunayakata kwa msumeno. Tukirushiana mabonge kwa mchezo, tunacheka. Wenzangu wa zamu ile wamekufa kwa kifua, mmoja mmoja, baada ya miaka mingi, watu wazima wenye wajukuu. Hiki kitu hakiui leo. Ndiyo ubaya wake."

Akaenda kwa meneja, nami nikamfuata. Nawaomba msimchukie meneja yule kabla hamjamsikia.

"Najua ni nini, Mzee. Nimeisoma," alisema. "Lakini mkitamka neno sumu pale uwanjani, patakuwa na vurugu. Watu watasema tumewatilia sumu. Tutafungwa. Tukifungwa pampu imesimama, na watu watarudi kuchota ziwani. Mnataka niue wengi wiki hii kwa kuhara ili niwaokoe wachache uzeeni?"

Hoja hiyo niliigeuza na kuigeuza, na sikuona tundu lake.

"Yarudisheni," alisema. "Waambieni ni mali ya kituo. Msiseme zaidi ya hapo."

Nikatangulizwa mimi kwa kuwa ni mwanamke, Kassimu akaja kwa kuwa Kiha chake kinasikilizana na Kirundi. Tulianza kwa Goreti. Huyu alikuwa amefanya biashara ya mawese kwenye masoko ya ziwani, Kiswahili alikijua vizuri, na pale uwanjani ndiye aliyeongoza sala na nyimbo za jioni. Akisema kaeni, watu walikaa. Alikuwa na mtoto mchanga aliyezaliwa Kagunga wakisubiri boti, jina lake Ndayizeye. Mtoto alikuwa amelala ndani ya kipande cha kijivu kilichokunjwa mara mbili, uso tu ndio uliokuwa nje.

"Bwakeye, mama," Kassimu alisalimia. "Tumekuja kuchukua mali ya kituo."

"Mali gani?"

"Hayo mablanketi. Ni ya bomba."

"Ya bomba?" Akawageukia wenzake, akawapa maneno hayo kwa Kirundi, na kicheko kikapita toka turubai moja hadi jingine. "Bomba linasikia baridi?"

"Halisikii baridi, mama. Lina moto sana."

"Kama lina moto, blanketi la nini?"

"Dada," Goreti aliniambia mimi, na hapo hakuwa anacheka tena, "mnavisha mabomba, na watu wako uchi. Halafu hii mali yenu mliitupa nje kwenye mvua. Mtu anatupa mali yake kwenye mvua?"

Nilikuwa namwangalia mtoto. Kwenye nywele zake, juu ya sikio, palikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba kama za utando wa buibui. Nilinyoosha mkono kuzitoa. Goreti akamvuta mtoto kifuani.

"Oya," alikataa. "Usimguse."

Tulirudi mikono mitupu. Malori yalitarajiwa wiki ileile, na malori yakishaondoka yale mablanketi yangekwenda nayo kwenye kambi kubwa, yachanwe, yagawanywe, yalaliwe miaka. Mzee akasema kwamba mtu aliyenyeshewa hatoi kitu bila kupewa kitu. Tuwape blanketi kwa blanketi. Lilikuwa wazo la mtu mwema, na sote tulilikimbilia. Kassimu alikwenda Ujiji, mama yake akazunguka kwa akina mama wa msikitini, akarudi na mkokoteni umejaa. Parokia ikatoa mengine. Sisi wafanyakazi tukatoa ya vitandani mwetu. Tukasimama kwenye geti la nyuma: lete la kijivu, chukua la pamba.

Siku ya kwanza kazi ilikwenda vizuri. Tulikuwa tunayapokea kwa fimbo, tunayatumbukiza kwenye pipa la maji ya sabuni, Kassimu anasema, "Karibu dukani, karibu dukani, bidhaa nzuri kutoka Ujiji!" na watu wanacheka. Goreti alikuja akashika blanketi tulilomwandalia, akalinyanyua juu dhidi ya mwanga.

"Naona miti ng'ambo yake," alisema. "La kwangu mvua haipiti." Akaondoka nalo la kwake.

Siku iliyofuata foleni ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, nami nikafurahi. Kisha nikaanza kuangalia nilichokuwa nakipokea. Vipande vilikuwa vidogo kuliko vya jana, vimechanwa upya, kingo zake zina manyoya. Na vilikuwa na udongo mwekundu.

Pale uwanjani udongo haukuwa mwekundu. Udongo mwekundu ulikuwa wa chini, wa shimo letu.

Nilizunguka nyuma ya stoo. Shimo lilikuwa wazi. Akina mama na watoto walikuwa ndani wanachimba kwa sahani na vipande vya bati. Mvua ilikuwa imeacha tangu jana, jua kali, na walichokitoa walikianika kwenye waya kikauke, kisha wakakipiga ukutani ili udongo udondoke. Kipande kimoja walikichana viwili, vipatikane mablanketi mawili. Vumbi jeupe lilikuwa limesimama juu ya vichwa vyao na halikwenda popote. Mama mmoja aliponiona alinionyesha chake kwa furaha.

"Dada, hili mtalikubali? Nimelikung'uta vizuri."

Nikamwita Mzee. Alikuja, akasimama ukingoni, akatazama. Watu wale walikuwa hawajawahi kuligusa lile rundo la chini. Lilikuwa limefukiwa, limelala, halimdhuru mtu. Sisi ndio tuliolifanya liwe na thamani.

"Funga geti," aliniambia. "Waambie mablanketi yamekwisha." Kisha akavuka pengo la uzio yeye mwenyewe, pole pole, kifua kinapiga mluzi, mpaka kwa Goreti. Nilikuwa nyuma yake na nilimsikia.

"Mama, leo sisemi mali ya kituo. Niliyokuambia kupitia hawa vijana yalikuwa ya uongo. Njoo nikuonyeshe, kisha uamue mwenyewe."

Alimwacha mtoto kwa jirani, kwa sababu Mzee alimwomba asije naye. Tukaingia stoo. Bati la paa lilikuwa na tundu la msumari, na kwa tundu hilo jua la mchana lilishuka kama fimbo mpaka sakafuni. Mzee akafunga mlango, akatuambia tusimame gizani, mbali, tufunike pua. Akachukua kipande kidogo kama kiganja, akakipiga kwa kidole mara moja tu, kando ya ule mwanga.

Hili lijueni, kwa sababu hakuna kifaa rahisi kuliko hiki. Vumbi hilo hulioni mchana wa kawaida. Ukitaka kuliona, kaa gizani utazame ndani ya mwanga mwembamba. Fimbo ya jua ilijaa nyuzi. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwanga ulionekana kuwa na manyoya. Zilimetameta, zikapanda, zikashuka kidogo, zikapanda tena.

"Tungoje zitue," Mzee alisema.

Tukangoja. Sisi watatu tumebanana mlangoni. Goreti alikuwa anatazama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa.

"Hazitui," alisema mwishowe.

"Hazitui. Zinangoja mtu apumue. Zikiingia kifuani hazitoki, zinakaa humo zinachoma kidogo kidogo, miaka na miaka. Mimi ninazo. Huo mluzi unaousikia ni zenyewe."

"Mana yanje," Goreti alimwita Mungu wake kwa sauti ya chini. Alitoka nje. Hakukimbia. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake, akamfungua mtoto kutoka kwenye kile kipande, akamvua na nguo, akambeba uchi mpaka kwenye bomba la maji akamwosha kichwa.

Kisha akasimama katikati ya uwanja akaita, kwa sauti ileile ya nyimbo za jioni.

Sikuelewa Kirundi alichokisema, ila Kassimu alikuwa ananitafsiria kwa kunong'ona. Alisema: hawa watu walitudanganya na sasa wamesema kweli. Alisema: asikung'ute mtu. Alisema: maji kwanza. Vurugu aliyoiogopa meneja ilikuja, si kubwa. Mwanamume mmoja alimrushia Kassimu bonge la tope likampata shingoni. Mzee mmoja alikaa juu ya lake akalia, akisema afadhali auawe na hilo blanketi kuliko kulala tena kwenye maji. Wengine hawakuamini. Lakini wengi walileta. Tulivuta mpira wa maji kutoka kwenye pampu, tukalowesha uwanja mzima, wale akina mama wa shimoni wakiwa wa kwanza kunyeshewa, wakapokezana kubeba vipande vilivyoloa mpaka shimoni. Meneja alisimama dirishani kwake. Hakutuzuia. Ndiye pia aliyekuja kumwambia Mzee, baadaye, kwamba mkataba wake hautaendelea.

Malori yalifika tukiwa bado tunafukia. Watu wakaanza kupanda, na niliona angalau bonge moja la kijivu likipanda limefungwa ndani ya kitenge. Sikuweza kufika pale.

Goreti alikuja kwa Mzee akiwa amembeba mtoto ndani ya lile blanketi jepesi la Ujiji.

"Na huyu? Amelala humo tangu tufike."

Ningekuwa mimi ningesema Mungu atasaidia. Mzee Ambindwile alivua kofia.

"Sijui, mama. Pengine hatapata kitu. Wengi hawapati. Akipata, atakuwa mtu mzima."

"Dawa?"

"Ya kuzitoa haipo. Ila daktari akijua mapema anajua pa kutazama. Na asivute sigara maisha yake yote. Sigara na hiki kitu vikikutana ni balaa."

"Daktari atajuaje? Nitamwambia blanketi la kijivu? Nitamwambia nguo ya bomba? Atanicheka, kama nilivyowacheka."

"Asbesto," Mzee alisema. "Inaitwa asbesto."

Goreti akamwomba arudie. Akarudia. Goreti akalijaribu mwenyewe, akalirudia tena na tena, kichwa kikitikisika kidogo kama anayeshika sauti ya wimbo kabla ya kuufundisha. Kisha akapanda. Lori lake lilikuwa la mwisho kuondoka, na kabla halijafika barabarani nilimsikia anaita lile neno, na akina mama waliojazana humo wanamwitikia, anaita, wanaitikia, kama alivyokuwa akiwafundisha nyimbo mpya. Tuliendelea kuwasikia hata lori lilipopinda kuelekea Mwandiga.

Mzee alirudi kwao Tukuyu akafa kwa kifua. Kassimu alinunua fimbo za chuma kisichoshika kutu na hakuzitumia kwa geti la mtu yeyote mpaka anastaafu. Goreti sikumwona tena. Nimeuliza, watu wa kambi zile wametawanyika, wengine wamerudi kwao, wengine wako nchi ambazo siwezi hata kuzitaja vizuri.

Ninyi mnaokwenda kwenye makaa ya mawe mtaonyeshwa mitambo ya kukamata majivu na kuosha moshi, mtajivunia hewa safi inayotoka juu, na mna haki. Mkimaliza kutazama juu, zungukeni nyuma ya stoo mkaangalie ni nini kimerundikwa pale, na nani anaishi ng'ambo ya uzio, na kama kinafanana na kitu anachokihitaji. Ninyi wa nyuklia, vivyo hivyo, mara mia.

Lakini nimeandika haya kwa ajili ya mwingine pia. Watoto wa uwanja ule sasa ni watu wazima. Kama wewe ni mmojawapo, kama ulizaliwa miaka ile njiani kati ya Burundi na kambini, na mama yako ana neno moja la ajabu alilokufundisha ukiwa mdogo, akalirudiarudia hadi ukalishika, bila kukueleza ni la nini, au alikueleza ukadhani ni hadithi za wakimbizi, nenda hospitali. Usingoje kifua kianze kupiga mluzi. Keti mbele ya daktari na ulitamke hilo neno.